Baiskeli kuukuu ya milimani: namna ya kuchagua kibadilisha gia cha mbele

Mwenye baiskeli ya milimani iliyotengenezwa miaka 20 au 30 iliyopita hupata tairi, raba za breki na mnyororo mpya bila taabu kubwa. Kipo kifaa kimoja, hata hivyo, kinachomsumbua yeye na fundi wake: kile kinachouhamisha mnyororo kutoka duara moja la meno hadi jingine pale kwenye pedali. Hicho ndicho kibadilisha gia cha mbele. Kwa macho, vifaa hivi vyote vinafanana. Kwa vipimo havifanani, na kile kilichonunuliwa kwa kukisia aghalabu huishia katika kopo la vyuma chakavu.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ambako barabara hupanda na kushuka bila kupumzika, jambo hili si dogo. Duara dogo la mbele ndilo linalomwezesha mtu kupanda kilima akiwa ameketi, badala ya kushuka na kuisukuma baiskeli. Kifaa kinacholifikia duara hilo kikiharibika, mwenye baiskeli hubaki na gia nzito peke yake, na safari ya kwenda kazini, shuleni au sokoni hubadilika kuwa mateso.

Makala haya yanaeleza maumbo ya kifaa hicho, maswali 5 ya kujiuliza kabla ya kukinunua, namna ya kukifunga, na hali ambamo ni afadhali kukiacha kabisa.

Kifaa kilikotoka

Baiskeli ya milimani ilizaliwa kaskazini mwa California, nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa eneo la Marin walichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene na kuteremka nazo kwenye njia za vumbi. Mwaka 1976 walianza kushindana katika mteremko uliojulikana kwa jina la Repack. Kuteremka kulikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa kurudi juu. Hapo ndipo mafundi walipoanza kufunga gia nyingi. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu zilizobuniwa mahususi kwa kazi hiyo, na mwaka 1979 fremu za Tom Ritchey zilianza kuuzwa na kampuni ndogo ya Gary Fisher na Charlie Kelly.

Jina la Ritchey halina ugeni nchini Rwanda. Baada ya kuizuru nchi hiyo mwaka 2005, alibuni baiskeli ndefu ya mizigo kwa ajili ya wakulima wa kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ya Wooden Bike Classic, ambamo baiskeli za mbao zilishindana pia. Miaka 6 baadaye, Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Michezo ya Olimpiki ya London. Mwezi Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Kwa muda wa takriban miaka 30, baiskeli ya milimani ilikuwa na maduara 3 ya meno mbele: dogo la kupandia, la kati la njia tambarare, na kubwa la mwendo wa kasi. Kisha mwaka 2012 kampuni ya SRAM ikatoa seti ya XX1, yenye duara 1 tu mbele na magurudumu ya meno 11 nyuma. Watengenezaji wengine waliifuata njia hiyo, na leo baiskeli nyingi mpya za milimani za bei ya juu hazina kibadilisha gia cha mbele hata kidogo. Kwa mwenye baiskeli mpya hiyo ni nafuu. Kwa mwenye baiskeli kuukuu maana yake ni kwamba kifaa anachokihitaji kinazidi kutengenezwa kwa aina chache, na mara nyingi itampasa kukitafuta miongoni mwa vipuri vilivyokwishatumika. Ndiyo sababu inafaa ajue hasa anachokitafuta.

Kinavyofanya kazi

Kifaa kina sehemu 4. Ya kwanza ni kizimba, yaani mabamba mawili ya chuma ambayo mnyororo hupita katikati yake. Ya pili ni mikono miwili yenye bawaba, iliyopangwa kwa umbo la msambamba, inayokiwezesha kizimba kwenda nje na kurudi ndani bila kupinda. Ya tatu ni springi, ambayo katika baiskeli nyingi hukivuta kizimba kuelekea ndani, kwenye duara dogo. Ya nne ni sehemu ya kukishikilia kifaa kwenye fremu.

Mpanda baiskeli anapousogeza mkono wa gia ulio kwenye usukani, waya huvutwa na kizimba husogea nje. Bamba la ndani huusukuma mnyororo hadi upande kwenye duara kubwa zaidi. Anapoulegeza waya, springi hukirudisha kizimba, na bamba la nje huuangusha mnyororo kwenye duara dogo zaidi. Kazi hii hufanyika upande wa juu wa mnyororo, ambao ndio unaobeba nguvu yote ya miguu. Kwa hiyo mpandaji hulegeza mkanyago kidogo anapobadilisha gia ya mbele. Anayebadilisha huku akikanyaga kwa nguvu zake zote huuchakaza mnyororo, na kifaa bora kuliko vyote hakiwezi kumwokoa.

Kabla ya kununua: je, kifaa ndicho kibovu?

Gia ya mbele ikikataa kuhama, mara nyingi kosa halimo katika kifaa. Waya uliota kutu ndani ya ganda lake huifanya springi ishindwe kukirudisha kizimba. Badilisha waya na ganda kwanza, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Zingatia hapa kwamba ganda la waya wa breki si ganda la waya wa gia. La breki limesukwa kwa chuma kilichozungushwa kama springi, nalo husinyaa kidogo waya unapovutwa. La gia lina nyaya zilizonyooka ndani yake na halisinyai. Ukitumia la breki kwenye gia, mnyororo hautatulia kwenye duara unalolitaka.

Baada ya hapo, shika kizimba kwa vidole ukitikise. Kikicheza sana upande kwa upande, bawaba zimekwisha. Kagua bamba la ndani: likiwa limechimbwa na mnyororo hadi limepata mfereji, haliwezi tena kusukuma vizuri. Kizimba kilichopinda kidogo huweza kunyooshwa kwa koleo, kilichopasuka hakiponi. Ukiona dalili hizi, basi ni wakati wa kutafuta kifaa kingine.

Swali la kwanza: kinashikwaje kwenye fremu?

Aina iliyoenea zaidi kwa baiskeli kuukuu hushikwa kwa pete inayolizunguka bomba la kiti, yaani lile bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye ekseli ya pedali. Pete hizo zina vipimo 3 vya kawaida: milimita 28.6, 31.8 na 34.9. Fremu nyembamba za chuma cha pua na za chuma cha kawaida aghalabu hutumia kipimo cha kwanza au cha pili. Fremu za alumini zenye mabomba manene hutumia cha pili au cha tatu.

Asiye na kifaa cha kupimia unene anaweza kutumia uzi na rula. Zungusha uzi mara moja kwenye bomba, weka alama mahali unapokutana, kisha uupime. Uzi ukiwa na urefu wa takriban sentimita 9, pete inayohitajika ni ya 28.6. Ukiwa sentimita 10, ni ya 31.8. Ukiwa sentimita 11, ni ya 34.9. Pima mahali pale pale pete itakapokaa, kwa sababu mabomba mengine hupanuka yanapoikaribia ekseli, na kipimo cha juu hakitafaa chini.

Pete kubwa huweza kufungwa kwenye bomba dogo kwa kutumia kijazio, yaani kipande cha bati au plastiki ngumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Baadhi ya vifaa vya milimita 34.9 huuzwa pamoja na vijazio vya kuvifikisha kwenye vipimo viwili vidogo. Kinyume chake hakiwezekani: pete ndogo haipanuliwi, na bomba la fremu halikwanguliwi kwa tupa. Bomba la alumini lililopunguzwa unene huweza kupasuka baadaye likiwa na mtu juu yake.

Aina ya pili haina pete. Ina bamba linalobanwa nyuma ya kikombe cha ekseli ya pedali, upande wa mnyororo, na hujulikana kama aina ya E. Ilitengenezwa hasa kwa ajili ya baiskeli zenye springi nyuma, ambazo bomba lao la kiti halina nafasi ya pete. Bamba hilo huchukua nafasi ya kijazio 1 cha milimita 2.5 katika ekseli za kisasa zenye vikombe vya nje. Kulifunga au kulifungua hudai kuitoa mikono ya pedali na kikombe, kwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye zana zake. Usibadilishe kutoka pete hadi bamba, au kinyume chake, kabla ya kuhesabu upya vijazio hivyo.

Aina ya tatu hufungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye matundu yaliyotobolewa katika fremu. Baiskeli za miaka ya 1990 kwa kawaida hazina matundu hayo, na kifaa cha aina hiyo hakifai kwao.

Swali la pili: pete ya juu au pete ya chini?

Hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu maumbo yote mawili huwa na kipimo kimoja cha pete na bei inayokaribiana.

Katika umbo la zamani, pete hukaa juu na kizimba huning'inia chini yake. Mikono yake ni mirefu na iko wazi, matope hudondoka kwa urahisi, na fundi huona vizuri kila skrubu. Katika umbo la pili, lililoenea kuanzia miaka ya 1990, pete hukaa chini, karibu usawa wa kizimba chenyewe, na mikono hupita juu yake. Umbo hilo huacha wazi sehemu ya juu ya bomba la kiti kwa ajili ya kishikio cha chupa ya maji au bawaba ya springi ya nyuma.

Kwa baiskeli isiyo na springi nyuma, na yenye nafasi ya kutosha kwenye bomba, umbo la pete ya juu ndilo rahisi kulitunza katika njia za matope. Umbo la pete ya chini huchaguliwa pale fremu inapolidai: kuna bolti ya chupa mahali ambapo pete ya juu ingekaa, au kuna bawaba, au bomba limepinda. Lakini umbo hilo nalo lina masharti yake. Huhitaji nafasi kati ya bomba na tairi la nyuma, na tairi nene sana huweza kuyarushia matope maungio yake au hata kuyagusa. Kabla ya kulipa, kishike kifaa mahali kitakapokaa na uzungushe tairi.

Lipo pia umbo la tatu, ambalo Shimano ililitoa mwaka 2014 katika seti ya XTR, ambamo kizimba husogea kwa upande na waya huingia kutokea mbele. Ni umbo zuri kwa fremu zilizobuniwa kwa ajili yake. Kwa fremu ya zamani njia ya waya haipo, kwa hiyo si la kuhangaikia.

Swali la tatu: waya unatoka juu au chini?

Ufuate waya wa gia kuanzia kwenye usukani. Katika fremu nyingi hupita kwenye bomba la juu, kisha hushuka kando ya bomba la kiti na kukivuta kifaa kutokea juu. Katika fremu nyingine hupita kwenye bomba la chini, huzunguka chini ya ekseli ya pedali, kisha hupanda na kukivuta kifaa kutokea chini. Kifaa cha kuvutwa juu hakitafanya kazi kwa waya unaotoka chini.

Habari njema ni kwamba vifaa vingi vya miaka ya baadaye vilitengenezwa kwa njia zote mbili: ukivitazama utaona mfereji wa waya upande wa juu na mwingine upande wa chini. Kama unanunua kipuri kilichokwishatumika na huna uhakika, kifaa cha namna hiyo ndicho salama zaidi. Kipo pia kigurudumu kidogo kinachofungwa kwenye fremu ili kuugeuza waya unaoshuka upate kuvuta kutokea chini, ila huongeza msuguano na sehemu nyingine ya kuingia matope.

Swali la nne: maduara yako yana meno mangapi?

Hesabu meno ya kila duara. Mara nyingi idadi imechongwa kwenye duara lenyewe. Baiskeli za mwanzo za milimani zilikuwa na maduara makubwa, kama meno 48, 38 na 28, au 46, 36 na 26. Katika miaka ya 1990 yalikuja maduara madogo ya 42, 32 na 22, kisha 44, 32 na 22.

Kizimba kimekunjwa kwa upinde unaofuata duara kubwa. Kizimba cha meno 48 kikiwekwa juu ya duara la 42 huacha pengo nyuma, na mnyororo husitasita kupanda. Kizimba cha meno 42 kikiwekwa juu ya duara la 48 hugusa meno kabla hakijashuka mahali pake. Tofauti ya meno 2 huvumilika. Tofauti ya 6 haivumiliki.

Kuna namba ya pili: tofauti kati ya duara kubwa na dogo. Kwa 44 na 22, tofauti ni 22; kwa 48 na 28, ni 20. Kifaa kilichoandikiwa uwezo wa meno 20 hakiwezi kuihudumia tofauti ya 22 bila mnyororo kukwaruza upande wa chini wa kizimba ukiwa kwenye duara dogo. Kwa sababu hiyo hiyo, kifaa cha maduara 2 hakifai kwa maduara 3: bamba lake la ndani ni fupi mno.

Idadi ya gia za nyuma nayo ina uzito wake, kwa kuwa inaamua upana wa mnyororo. Mnyororo wa gia 6 hadi 8 una upana wa nje wa takriban milimita 7. Wa gia 9, karibu 6.6, wa gia 10, karibu 6. Kizimba kilichobuniwa kwa mnyororo mwembamba hukwaruzwa na mnyororo mpana.

Swali la tano: maduara yako mbali kiasi gani, na mkono wa gia ni wa aina gani?

Umbali kutoka katikati ya fremu hadi duara la kati huitwa mstari wa mnyororo. Kwa baiskeli za milimani zenye maduara 3, vipimo vya kawaida ni milimita 47.5 na 50. Upime hivi: pima kutoka ubavu wa bomba la kiti hadi kwenye meno ya duara la kati, kisha ongeza nusu ya unene wa bomba. Mathalani, kwa bomba la 31.8, nusu yake ni 15.9, ukipata 31.6 kutoka ubavuni, jumla ni 47.5. Kifaa cha 47.5 kwenye maduara ya 50 huweza kushindwa kulifikia duara kubwa hata skrubu ikilegezwa yote.

Mkono wa gia nao hutofautiana. Ule wa zamani unaosukumwa kwa kidole gumba bila kutoa mlio wa hatua hukubaliana na karibu kila kifaa, kwa kuwa mpandaji mwenyewe ndiye anayeamua kizimba kisimame wapi. Ule unaotoa mlio kila hatua huvuta waya kwa kiasi kilichopangwa kiwandani, na kiasi hicho kwa baiskeli za milimani si sawa na cha baiskeli za mashindano ya barabarani. Kifaa cha baiskeli ya mashindano kikiunganishwa na mkono wa hatua wa baiskeli ya milimani, gia haitakaa sawa.

Mfano mmoja

Tuchukue baiskeli ya katikati ya miaka ya 1990, fremu ya chuma, gia 7 nyuma, maduara ya meno 42, 32 na 22, mkono wa hatua. Uzi unatoa sentimita 10, waya unashuka kutokea juu, mstari wa mnyororo ni 47.5. Bolti ya chupa imetokeza pale pale ambapo pete ya juu ingekaa.

Muuza vipuri ana vifaa 4 mezani. Cha kwanza kina pete ya juu ya 34.9, ni cha maduara 3 na meno 44, na huvutwa kutokea juu. Kwa kijazio kingefunga, na tofauti ya meno 2 si tatizo, lakini bolti ya chupa inakizuia. Cha pili kina pete ya chini ya 31.8, ni cha maduara 3 na meno 42, na kina mifereji miwili ya waya. Cha tatu kinang'aa kuliko vyote na pete yake ni 31.8, lakini ni cha baiskeli ya mashindano, cha maduara 2 na meno 53, na huvutwa kutokea chini. Cha nne ni cha bamba, aina ya E.

Cha pili ndicho cha kununua. Cha tatu ndicho ambacho mnunuzi asiyepima angekichukua, kwa sababu ni kipya na pete yake inaingia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari: andika vipimo vyako 5 kwenye kikaratasi kabla ya kutoka nyumbani.

Kukifunga na kukirekebisha

Kifaa sahihi kilichofungwa vibaya hakina tofauti na kibovu. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, weka pete ili bamba la nje la kizimba liwe milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya duara kubwa, likilandana nalo sambamba linapotazamwa kutoka juu. Kaza bolti ya pete kwa kiasi. Watengenezaji hutaja niutoni-mita 5 hadi 7, nguvu ambayo mkono mmoja kwenye spana fupi huifikia bila kukakamaa. Kuzidisha huliponda bomba la alumini.

Pili, kabla ya kufunga waya, peleka mnyororo kwenye duara dogo mbele na gurudumu kubwa la meno nyuma. Zungusha skrubu iliyoandikwa L hadi bamba la ndani liwe karibu sana na mnyororo bila kuugusa, yaani chini ya nusu milimita.

Tatu, vuta waya ukaze, ufunge kwenye bolti yake, kisha peleka mnyororo kwenye duara kubwa mbele na gurudumu dogo nyuma. Zungusha skrubu iliyoandikwa H hadi bamba la nje liwe na nafasi hiyo hiyo.

Nne, rudi kwenye duara la kati na urekebishe mkazo wa waya kwa kokwa iliyo kwenye mkono wa gia, mpaka mnyororo uhame pande zote bila kelele. Waya mpya hulegea kidogo baada ya siku chache, kwa hiyo utahitaji kuurekebisha tena.

Skrubu hizi mbili si mapambo. L ikiwa wazi kupita kiasi, mnyororo huanguka ndani na kujikaba kati ya duara na fremu. H ikiwa wazi kupita kiasi, mnyororo huruka nje ya duara kubwa. Katika hali zote mbili pedali hupoteza uzito ghafla, mguu huteleza, na mpandaji huweza kuanguka mbele ya gari lililo nyuma yake.

Je, kukiondoa kabisa?

Baadhi ya mafundi hushauri kifaa kitolewe na libaki duara moja, kama baiskeli mpya zilivyo. Ushauri huo unafaa kwa anayeishi mahali tambarare. Kwa mwenye vilima, ni vyema apige hesabu kwanza.

Kwa tairi la inchi 26, mzunguko mmoja wa gurudumu ni takriban mita 2.05. Akiwa na meno 22 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali humsogeza karibu mita 1.6. Akibaki na duara la 32 peke yake, mzunguko huo humsogeza karibu mita 2.3, na miguu yake italazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 45. Ili kuirudisha gia aliyoipoteza, angehitaji gurudumu la meno 41 nyuma, ilhali vibadilisha gia vya nyuma vya baiskeli hizo kwa kawaida huishia kati ya meno 28 na 34. Angenunua basi kaseti, kibadilisha gia cha nyuma, mnyororo na mkono wa gia, na pengine gurudumu zima.

Ipo njia ya kati kwa aliyekosa kifaa kinachofaa: kubaki na maduara yote 3 na kuuhamisha mnyororo kwa mkono, akisimama chini ya kilima na kuuweka kwenye duara dogo. Ni usumbufu, na mikono huchafuka, lakini haigharimu kitu na haiharibu fremu. Wengi waliopanda vilima kwa njia hiyo kwa wiki kadhaa walipata muda wa kutafuta kifaa sahihi bila kununua cha kwanza walichokiona.